Umesoma Lettres, utakula nini? Kazi za Kifaransa kwa mtu wa Lubumbashi

Siku niliyotangaza nyumbani kwamba nimejiandikisha Lettres, yaani lugha na fasihi ya Kifaransa, ku UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, tantini wangu alikuwa anasonga bukari (ugali) mu lupango (uwanja wa nyumba) kule Katuba, akaacha mwiko mu sufuria, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa simu ya bandia. "Français? Ile Français yenye bantu bote banasemaka? Nani atakulipa juu ya ile?"

Nilimnunia wiki nzima. Leo nimeshapita mu darasa, mu sekretaria ya mtaani, mu biro ya duane (forodha) na mu ONG moja, shirika lisilo la serikali, na naona swali la tantini lilikuwa na akili kuliko kursi nyingi nilizofuata. Hapa kwetu Kifaransa si bidhaa adimu. Katiba ya 2006 inasema ndicho lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa, kwa hiyo kila aliyekalia benchi ya shule amekula Kifaransa kwa nguvu, na kila CV inayofika Lubumbashi imeandikwa "Français: excellent", hata ya yule ambaye hajui tofauti ya "ces" na "ses". Ukimwambia bosi wa hapa unajua Kifaransa ni sawa na kumwambia unajua kutembea.

Sasa mbona kuna watu wanaishi nacho vizuri? Juu wanakiuza mahali ambapo hakiko, ao wanakisimamisha katikati ya watu wawili ambao hawasikilizani, ao wanaandika karatasi ambayo kosa moja ndani yake linaleta hasara ya makuta (pesa). Karibu kazi zote nitakazotaja zinatoka mu hizo njia tatu.

Lakini kwanza tufungue fundo moja, juu nimeona wadogo zetu wengi wanapotelea hapa. Watu wanasema "nimesoma Français" na wanamaanisha vitu tofauti kabisa. Aliyetoka fakilte ya Lettres amesoma fasihi na isimu, anajua kuchambua riwaya na kueleza sentensi imejengwaje. Aliyetoka ISP, chuo cha ualimu, amesomeshwa kuwa mwalimu wa sekondari, mara nyingi Kifaransa pamoja na lugha za Kiafrika, na amepita staji (mazoezi ya kazi) mbele ya wanafunzi wa kweli wanaopiga kelele. Halafu kuna kitu kinaitwa FLE, français langue étrangère, ndiyo kumfundisha Kifaransa mtu ambaye hajawahi kukisikia, mtu mzima wa Lusaka ao injinia wa Kichina, na hiyo ni ufundi wa peke yake, kujua Balzac hakukusaidii kumweleza mtu kwa nini meza ni "la" na kitabu ni "le". Na kuna tafsiri, ufundi mwingine tena. Diplome ya Lettres haikupi FLE wala tafsiri moja kwa moja, inakupa msingi tu, zingine unaziongeza mwenyewe. Wengi wanaomba kazi ya kutafsiri na hawajawahi kutafsiri hata karatasi ya dawa, halafu wanashangaa simu hailii.

Tukiwa bado mu diplome, kuna kimtego kidogo cha jina. Zamani kwetu licence ilikuwa miaka 5, graduat miaka 3 halafu licence 2. Tangu mfumo wa LMD ulivyoanza mwaka wa masomo 2021-2022, licence mpya ni miaka 3 na Master ndiyo inafika miaka 5. Kwa hiyo leo Lubumbashi kuna watu wawili wameandika "Licencié" mu CV, mmoja amesoma miaka 5 mwingine 3, na mtu wa rasilimali watu hana muda wa kukisia. Andika bac+3 ao bac+5, yaani miaka uliyosoma baada ya sekondari, na miaka yenyewe pembeni. Na ukituma dosie Zambia ao Tanzania usiandike "licence" hata siku moja, huko ukisema una licence ya Kifaransa wataelewa ni leseni, kama ya gari. Mwenzangu mmoja alinihadithia aliulizwa imeisha lini.

Haya, ualimu, juu ndiyo kazi inakuja kwanza mu kichwa cha kila mtu. Siudharau, nimeufanya. Ila ingia macho wazi. Bure ya masomo iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi, na wewe na diplome yako ya Kifaransa kazi yako iko zaidi sekondari, ambako wazazi wangali wanalipa. Ukipata nafasi mu shule ya serikali ao ya konvansione, ile ya dini inayofanya kazi na serikali, swali la kwanza si mshahara ni kiasi gani, uliza kama poste iko mekanize, maana yake jina lipo mu listi ya serikali ya kulipwa. Kama utaingia NU, nouvelle unité, basi ujue unaweza kufundisha miezi, ao miaka, bila serikali kukulipa, unaishi na kile kidogo kinachotoka ku frais za wazazi. Najua walimu wazuri sana walizeekea mu NU. Shule za watu binafsi mu komini Lubumbashi na Golf zinalipa zenyewe, zingine vizuri, lakini zinataka mtu ambaye Kifaransa chake cha mdomo hakina wasiwasi, na mara nyingi zinakupima kwa kukupa somo moja mbele ya wanafunzi palepale.

Kinachowaweka wengi hai ni kuwa repetitere, kuingia nyumbani kwa watu jioni kusaidia watoto. Hakuna anayekuandikia kontra, lakini familia nne tano zinazolipa mwisho wa mwezi zinaweza kupita mshahara wa shule. Ushauri mmoja tu: panga bei kwa mwezi na si kwa saa, na lipwa mwanzoni, juu mtoto akipita mtihani mzazi anasahau deni.

Sasa tutoke mu mji kidogo, hapa ndipo hesabu inageuka. Kasumbalesa iko kilometa 90 hivi kutoka Lubumbashi, na ukivuka bariere tu, Kifaransa kinakuwa kitu adimu. Zambia wanasomesha Kifaransa kama lugha ya kigeni mu sekondari zao, Lusaka kuna Alliance Française, na Wakongo wengi wameshika chaki kule na Copperbelt. Lakini huendi tu na begi. Diplome yako ipite kwanza Zambia Qualifications Authority waitambue, ualimu wenyewe unataka kuandikishwa ku Teaching Council of Zambia, na kibali cha kazi ni hadithi nyingine. Na Kiingereza, ndugu yangu, juu mkutano wa walimu haufanyiki mu Kifaransa.

Kwa kazi kama hiyo karatasi za lugha zinasaidia, hata kama wewe ni Mkongo na unaona ni matusi kufanya mtihani wa lugha uliyosomea miaka yote. Bosi wa Kizambia hajui UNILU inapima vipi, lakini DALF C1 anaielewa. Kwa ufupi: DELF inaanza kiwango cha A1 (cha chini kabisa) mpaka B2, DALF ni C1 na C2 (vya juu), na hizo diplome haziishi muda. TCF ni kitu kingine, ni testi, matokeo yake yana miaka 2 tu halafu yanakuwa karatasi ya kufungia karanga. Wale wanaota Kanada wanaombwa TCF Canada ao TEF Canada, si DALF, nimeona watu wamelipa mtihani usio wenyewe. Soma vizuri wanaomba nini mbele ya kutoa makuta.

Palepale Kasumbalesa kuna kazi ambayo hakuna profesere aliwahi kututajia darasani. Simama siku moja ku parking ya malori. Shofere ametoka Dar es Salaam, anasema Kiswahili. Karatasi za mzigo wake ziko mu Kiingereza. Deklarasio inayoingia ku DGDA, ofisi ya duane, mu sistemu yao ya Sydonia, iko mu Kifaransa. Kosa dogo la kuelezea bidhaa linaweza kulaza lori siku kadhaa, na kila siku ya lori kulala mwenye mzigo analia. Maajensi ya transit yanatafuta deklarani, watu wa kujaza karatasi za duane, na wasaidizi wao ambao wanaweza kusoma Kiingereza, kuandika Kifaransa safi, na kumtuliza shofere kwa Kiswahili. Ufundi wa duane unajifunza kwa staji, miezi kadhaa ya kubeba dosie na kutumwa fotokopi. Mimi nilifanya miezi sita, sikupenda vumbi wala mivutano ya pale, lakini niliowaacha kule wameshajenga.

Migodi nayo. Watu wanafikiri mgodi unataka mainjinia tu. Sheria ya migodi (Code minier) iliyobadilishwa Machi 2018 inadai kila kampuni inayochimba iandikiane na wenyeji wa pale cahier des charges, yaani ahadi za shule, maji, barabara, dispansari, na iweke pembeni angalau 0.3% ya chiffre d'affaires yake (mauzo yake yote) kwa maendeleo ya watu hao. Fikiria sasa. Ile cahier des charges imeandikwa Kifaransa cha wanasheria. Mama wa kijiji karibu ya Fungurume ao Kolwezi anasema Kiswahili ao Kisanga. Bosi wa mgodi anaongea Kichina ao Kiingereza. Nani anakaa katikati? Ndiyo hao wanaitwa ajenti wa liaison communautaire, anaenda kijijini, anasikiliza malalamiko ya shamba lililokanyagwa, anarudi anaandika ripoti mu Kifaransa ambayo haimtukani mtu na haifichi kitu. Kuandika ripoti kama hiyo ni kazi ngumu kuliko disertasio, nawaambia, juu ukiongeza neno moja kampuni inakasirika na ukipunguza moja kijiji kinafunga barabara. Pesa za royalti nazo, sehemu ya 15% inarudi ku zile tunaita ETD, sheferi, sekta na komini, na hizo zinahitaji watu wa kuandika plani na ripoti ambazo mtu wa Kinshasa atazielewa. Omba staji huko pia, wengi hawafikirii.

Mu migodi kuna tena mambo ya usalama kazini. Mfanyakazi mpya anapewa maelezo kwa Kiswahili, kijitabu kiko Kifaransa, asili yake ilikuwa Kichina ao Kiingereza. Google Translate na wenzake wanafanya sehemu, siwezi kudanganya, barua rahisi za "tafadhali nitafsirie" ambazo zilikuwa zinatulisha zimepungua kweli. Ila mashine haitiwi gerezani mtu akikatwa mkono juu ya maelezo mabaya, kwa hiyo bado wanatafuta mtu wa kusoma nyuma yake na kuweka jina lake. Jifunze kukorije (kusahihisha) kazi ya mashine, ndiyo soko la sasa. Na mwenye moyo ajifunze Kichina. Mkongo wa Lettres mwenye Kichina cha kuongea, Kolwezi hatafuti kazi muda mrefu.

Kuandika kwa ajili ya watu ni riziki nyingine ya zamani. Zile sekretaria karibu na fakilte, za kupiga tekisti na fotokopi, kila mwisho wa mwaka zinajaa wanafunzi wenye memware (tasnifu ya kumaliza masomo) inayovuja makosa. Kukorije memware ni kazi halali na inalipa kwa ukurasa. Kumwandikia mtu memware yote si kukorije, hata akikuita "yaya" mara ishirini, na siku ikijulikana jina lako ndilo linabaki mtaani. Tantini mwenyewe, yule wa bukari, alikuja kwangu na mgogoro wa mpaka wa lupango, anataka barua ya kupeleka ku komini. Nilimwandikia kurasa mbili. Akauliza bei, nikasema dola tano. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alituma kuku.

Uandishi wa habari nitaupita haraka. Radio Okapi iko tangu 2002, inatangaza mu Kifaransa na lugha zote nne za taifa, na inabaki ndoto ya wengi, lakini nafasi ni chache. Radio ndogo za hapa zinalipa kidogo ao hazilipi, watu wanaishi na kupaji, ile bahasha anatoa mwenye shughuli ili habari yake ipite. Kama mwalimu wa kuandika haraka na kukutana na watu, radio ni nzuri mwaka mmoja hivi. Halafu hamia komunikasio ya ONG ao ya kampuni.

Na zile ndoto kubwa, Umoja wa Mataifa na kadhalika? Hapa lazima niharibu sherehe kidogo. Lugha rasmi za UN ni 6: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kuwa mtafsiri wao wa Kifaransa unapita konkuru (mtihani wa mashindano), na inabidi utafsiri kutoka Kiingereza pamoja na lugha nyingine mu zile sita. Kiswahili chetu hakihesabiki pale. Ila kinahesabika kwingine: Umoja wa Afrika ulikikubali kama lugha ya kazi mwaka 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka huohuo, wakuu wake walishakubali 2021 Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pembeni ya Kiingereza. Ku La Haye, ku Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kesi za Wakongo zilihitaji wakalimani wa Kiswahili juu mashahidi walisema Kiswahili cha huku, si cha Dar. Ile Kiswahili yetu wanaichekaka, kumbe kuna meza ambapo ndiyo inatafutwa. Kwa hiyo ukiwa na miaka ya kujifunza kitu kimoja cha kuongeza, ongeza Kiingereza, lakini kile cha kuandika, na usiache Kiswahili chako kibaki cha mtaani tu, jua pia kile sanifu.

Tumalizie na kutafuta kazi kwenyewe. Dosie ya hapa mnaijua: CV, barua, diplome, mara nyingi wanaomba na karatasi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kwamba unatafuta kazi, zingine attestation de bonne vie et mœurs (karatasi ya tabia njema) na cheti cha daktari. Tengeneza zote mbele, usingoje ofa itoke Ijumaa na inafunga Jumatatu. Ofa zinatoka ku tovuti ya mediacongo, za ONG ku ReliefWeb, LinkedIn kwa makampuni ya migodi, na nyingine zinabandikwa tu ku mlango wa ONEM ao zinazunguka mu WhatsApp bila tarehe, kwa hiyo angalia kama haikuisha mwaka jana.

Barua sasa. Sisi watu wa Lettres tuna ugonjwa. Tunaanza "J'ai l'insigne honneur de venir auprès de votre haute bienveillance", mistari minne hujasema bado unataka kazi gani. Ile mwachie gavana. Mtu anayesoma barua sitini asubuhi anataka ajue ku mstari wa pili wewe ni nani, umefanya nini kinachofanana na kazi yake. Na kosa la akordi (upatanisho wa maneno) ambalo injinia anasamehewa, wewe husamehewi, juu umeandika hapo juu kwamba ulisomea hiyo lugha. Mpe mtu mwingine asome kabla ya kutuma, macho yako hayaoni makosa yako. Mu CV futa "Français: excellent", weka kitu kinachopimika: nilikorije memware 12, nilitafsiri kijitabu cha usalama kurasa 30 kutoka Kiingereza, nilifundisha watu wazima sita mpaka wakaweza kujitambulisha. Kama hujafanya chochote, fanya sasa kwa bure mahali pamoja, parokia, chama cha kartie, lakini mahali pamoja tu, na kwa muda uliopangwa, juu wale wanaopenda vya bure hawashibi.

Halafu kuna lile neno, "bila mutu huingie". Kweli kwa sehemu. Lakini mutu si lazima awe mjomba ku Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Wengi waliopita niliowaona, mutu wao alikuwa chef wa staji aliyeona kijana anafika mbele ya saa na ripoti yake haihitaji kurudiwa. Anayekuomba makuta ili dosie "ipite juu" ni mwizi, ONG ya kweli ao kampuni ya kweli haikulipishi kuomba kazi, si ya dosie, si ya testi, si ya bajo. Na wale wanaoomba dada zetu kitu kingine kuliko makuta, hao msiwafichie, mwambieni mtu, na tokeni mle biro na mguu wenu.

Na ukiitwa ku entretien (usaili) Kolwezi, mbele ya kufurahi, uliza nani analipa bisi.